Sakafu ya Afande Kebirungi

Bwera nzima ilimwita Hajji, na Makka yenyewe hajaikanyaga. Jina lake hasa ni Muhamood. Kofia nyeupe, ndevu zilizochanwa vizuri, na ulimi wa kusema inshallah hata anapoagiza chai, hivyo ndivyo vilivyompa cheo. Yeye hakukikataa. Jamani, mtu akipewa cheo cha bure, nani atasema hapana?

Kazi yake ni sakafu. Si kumwaga zege, hiyo ni kazi ya waashi. Yeye huja zege likishakomaa, akalisaga uso kwa mashine mpaka vumbi limfanye mzee wa miaka tisini, halafu akalipaka ile rangi nzito ya mikebe miwili: mmoja wa rangi, mmoja wa dawa ya kugandisha. Ukishaichanganya una nusu saa tu, ukizubaa inageuka jiwe ndani ya ndoo. Watu wanaiita epoksi. Ikishika sawasawa, unaweza kuburuta mapipa juu yake mwaka mzima na isichubuke. Alikuwa amepaka duka la dawa Kasese mjini, nyumba ya kuokea mikate kule Rukoki, na mahali pa kutawadhia kwenye msikiti mmoja wa Bwera. Hakuna hata moja iliyobanduka. Hilo ni kweli, na mwenye haki tumpe haki yake.

Ila kazi nzuri ina ubaya wake: inampa mtu mdomo.

Mdomo huo ndio aliopanda nao mlimani, mwezi wa tano, kwa afande Kebirungi. Huyu afande alikuwa sajini jeshini, akastaafu, akaja kujenga nyumba ya wageni juu kidogo ya Nyakalengija, pale wapanda mlima wanapolala kabla ya kuianza Rwenzori. Jeshi alilitoka, lakini jeshi halikumtoka. Kila asubuhi saa moja wafanyakazi wake wanajipanga mstari uani: wapishi, wafagiaji, wapagazi, waongoza njia. Anayesifiwa anasifiwa pale mbele ya wote, na anayekosa anaambiwa pale pale. Hakuna kunong'onezana pembeni.

Ukumbi wake wa chakula ulikuwa wa saruji tupu. Viatu vya wageni vyenye meno, gambuti za wapagazi zenye tope la juu huko, fimbo za kupandia zenye ncha za chuma, vyote vilikuwa vimeitafuna sakafu mpaka vumbi linaingia kwenye supu. Afande alichoka.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Tatu, afande. Ya nne watu wanacheza ngoma juu yake."

"Jumamosi nina wageni kumi na wanne. Usinidanganye."

"Mimi? Wallahi, afande, uliza Kasese yote."

Sasa nawaambieni, hapo ndipo alipoanza kuharibu, kabla hata hajafungua mkebe. Siku tatu ni hesabu ya Kasese. Jua la Kasese linakausha samaki pamoja na mvuvi wake. Mlimani ni kwingine. Mlimani ukungu unashuka asubuhi unaingia ndani kama mwenye nyumba, na zege linakaa limepoa mchana kutwa.

Na hakukosa wa kumwambia. Pale palikuwa na mama mmoja, Tabisa, mpishi na msafishaji wa nyumba ile kwa miaka kumi na miwili. Ni mama wa makamo, mwembamba, asiye na maneno mengi. Alisimama mlangoni akamtazama Hajji anavyosaga.

"Hajji," alisema, "hapa hata nguo inakauka siku tatu. Hiyo rangi yako iko na moto gani?"

"Mama, hii ni dawa ya kizungu. Haiogopi baridi."

"Asubuhi hii sakafu inatokaga jasho. Mimi napangusa kila siku."

Hajji alicheka. Alicheka, huyu mtu! Na ndani ya mfuko wake wa kazi kulikuwa na karatasi ya plastiki, maana kila fundi wa sakafu anakijua kile kipimo: unabandika plastiki juu ya zege, unaziba kingo zote nne, unaiacha siku nzima na usiku wake. Ukiibandua ukakuta matone chini, zege bado linatoa maji, na ukipaka hapo umejipaka mwenyewe. Hajji alikijua kipimo hicho kuliko jina la baba yake mzazi. Alikuwa amewafundisha wengine. Lakini kupima kulitaka siku nzima, na yeye alikwisha sema tatu mbele ya watu. Plastiki haikutoka mfukoni.

Alipaka siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi aligusa kwa kidole, kidole kikanata. Saa sita akagusa tena, kikanata. Ukungu ulikuwa umekaa dirishani na hauna nia ya kuondoka. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka, na baridi ile yote. Afande alikuwa amekwenda Fort Portal kununua magodoro, angerudi kesho yake.

Hapo akamwendea Tabisa jikoni. "Mama, nisaidie sigiri. Zote."

"Za nini?"

"Nipashe moto ukumbi, rangi ishike."

"Na huo moshi wa makaa utakaa wapi, na madirisha umefunga?"

"Mama, mimi ni fundi au wewe?"

Tabisa akampa sigiri nne zilizojaa makaa mekundu. Akampa kwa sababu aliombwa, na kwa sababu mtu wa kofia nyeupe anaposema anajua, mtu wa jikoni atasema nini? Hajji akazipanga kwenye pembe nne, akafunga mlango, akaenda kuswali adhuhuri na moyo mweupe. Loo! Makaa yakiwaka chumba kilichofungwa yanatoa hewa nzito yenye unyevunyevu, na hewa hiyo ndiyo adui wa ile dawa ya kugandisha. Inaichafua kabla haijashika. Hili nalo alikuwa amewahi kuambiwa, alipokuwa anajifunza kazi, lakini kwa Kasese nani anawasha sigiri ndani ya nyumba kutafuta joto? Aliliweka sikio la kushoto likatokea la kulia.

Siku ya tatu sakafu ilikuwa ngumu, ila imepauka, na juu yake utelezi wa mafuta kama sahani ya nyama iliyooshwa kwa maji baridi. Tabisa ndiye aliyeiona kwanza, akamwita. Hajji akaichungulia, akapitisha kidole.

"Hiyo ni kitu kidogo," alisema. "Mama, chukua maji ya vuguvugu, tia sabuni, ifute yote. Hayo mafuta yatatoka. Na afande usimsumbue na habari ndogondogo."

Tabisa akachukua ndoo, akapiga magoti, akaifuta sakafu nzima peke yake, tangu mlango mpaka dirisha la mwisho. Ikang'aa. Afande akarudi, akasimama mlangoni mikono kiunoni, akasema, "Kazi." Neno hilo kwa afande ni sawa na nishani. Hajji akashuka Bwera akiimba.

Wiki tatu hazijaisha, simu ikalia.

Sitaki kukuficha, alijua kabla hajafika. Alijua tangu alipoiona namba ya afande. Alipoingia ukumbini alikuta rangi imevimba kama mkate, pengine imepasuka, chini yake maji. Vipande vinabanduka kwa ukucha. Mgeni mmoja alikuwa ameteleza akateguka mkono, safari yake ya mlima ikaishia pale mezani. Afande akapuliza filimbi, watu wakajipanga uani.

"Hajji, hii sakafu imekufa kwa sababu gani? Sema mbele ya watu."

Ilikuwa nafasi nzuri kabisa, na maneno yalikuwa mafupi: nilikuwa na haraka, sikupima, nikawasha makaa. Maneno machache tu hayo. Lakini alipoinua macho akaona wale wapagazi ishirini, na Blasio mkubwa wao amesimama mbele na kitabasamu chake cha kungojea mtu aanguke, ulimi ukageuka wenyewe.

"Afande," alisema, macho makavu, "hii rangi iliguswa na maji ya sabuni kabla haijakomaa."

"Nani aliosha na sabuni?"

"Ni mimi, afande," Tabisa akasema toka mwisho wa mstari.

"Nani alikutuma?"

Tabisa hakujibu. Alimtazama Hajji. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama vile unavyomtazama mtu unayemwachia nafasi apite mlangoni kwanza. Hajji akatazama viatu vyake.

"Nauliza, Tabisa, nani alikutuma?"

Jogoo wa jirani akawika, mjinga yule, saa mbili asubuhi. Hajji aliviona viatu vyake vizuri sana siku ile: kile cha kulia kilikuwa na doa la rangi ya kijivu.

"Vua aproni," afande akasema. "Nenda nyumbani."

Tabisa akaifungua aproni mgongoni, akaikunja mara mbili, akamkabidhi aliyesimama karibu yake, akatoka getini. Hapo Hajji akafungua mdomo, na unajua alisema nini? Alisema, "Afande, nitairudia kazi yote bure." Eti bure! Alitaka kuinunua nafsi yake kwa rangi. Na afande, masikini, akawageukia wale watu akasema, "Mnaona? Huyu ni mtu. Kosa si lake na anarudia kazi bure. Mjifunze." Wakapiga makofi. Wallahi, walipiga makofi, na kila kofi lilimwingia Hajji kama kibao cha shavuni.

Nyumbani Bwera habari ilimtangulia. Mastula, mkewe, alimpokea mlangoni na furaha. "Nimesikia ulivyofanya kule mulimani. Salmah wa dukani ameniambia. Watu wote wanasema Hajji iko na roho ya kweli." Akamwekea sombe ya majani ya muhogo na samaki, chakula anachokipenda. Hajji akanawa, akatia mkono kwenye sahani, mkono ukakataa kupanda.

"Iko nini?"

"Tumbo."

Halikuwa tumbo. Ilikuwa aibu, na aibu ya namna ile haina dawa ya duka, maana uko peke yako nayo na wote wanakusifu. Angetukanwa angepona. Kwa siku tisa watu walimsalimia kwa heshima zaidi, sokoni wakampisha, na mtu mmoja akaja kumtafuta ampake stoo yake ya kahawa, "kwa sababu wewe ni mwaminifu." Mwaminifu! Aliposwali aliona ile aproni inakunjwa mara mbili. Akawa anasahau rakaa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wamesema wazee, na mwosha wake alikuwa mmoja tu, Tabisa, kakaa kwake huko ng'ambo ya mto Mubuku, na hakuwa amemwambia mtu.

Siku ya kumi akapakia mashine yake na mikebe kwenye gari, akapanda. Lakini hakwenda kwa afande kwanza. Aliuliza njia, akavuka daraja, akapanda kwa miguu katikati ya migomba na kahawa mpaka kwenye nyumba ndogo ya mabati. Tabisa alikuwa nje anachambua maharage. Alimwona tangu mbali, na hakuinuka.

"Mama Tabisa, shikamoo."

"Marahaba."

Hakumpa kiti. Kwa wenyeji wa pale, mgeni asipopewa kiti ameshaambiwa yote. Hajji akachutama palepale kwenye udongo, mtu mzima yule, kofia mkononi.

"Mama, nimekuja kuungama. Ile sakafu ni mimi niliiharibu. Sikupima maji, nikawasha makaa. Na sabuni ni mimi nilikutuma."

Tabisa akatupa haragwe bovu pembeni. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwa pale."

Hajji akaizungusha kofia mkononi.

"Sigiri nilikupa mimi. Ndoo nilibeba mimi. Hiyo habari yote naijua. Nenda uambie wale hawajui."

"Mama, kwa nini hukusema siku ile? Afande alikuuliza mara mbili."

"Nilikuwa nangoja wewe," alisema Tabisa, na hapo ndipo sauti yake ilipopungua kidogo. "Nikasema, huyu ni mutu wa kufunga na kusali, sasa hivi atasema. Nikavua aproni, nikasema, sasa atasema. Nikafika kwenye geti. Nikatembea polepole mpaka daraja, labda ataniita. Nilikungoja mpaka nikafika hapa."

Hajji alilia. Hakujificha, machozi yalimwagika kwenye ndevu zilizochanwa. Tabisa hakumbembeleza. Akaendelea na maharage yake.

"Unajua wananiita nani kanisani?" aliuliza. "Sabuni. Blasio ndiye alileta hilo jina. Juzi mutoto wa shule amenipita hapo njiani, mutoto mudogo hivi, ananiambia, Sabuni, habari. Mimi nimezika bwana, nimezika watoto wawili, hakuna mutu amewahi kunicheka. Sasa wananicheka kwa kazi. Kazi ndiyo nilikuwa najua."

"Nitasema, mama. Kesho, mbele ya mstari."

"Sema. Lakini ukishasema, usirudi hapa kuniletea habari. Sitaki tena kukuona kwenye hii nyumba. Nitasikia tu."

Saa moja asubuhi, mstari umejipanga, Hajji akamwomba afande ruhusa ya kusema. Afande akadhani ni habari ya mikebe. Akasogea kando.

Njiani alikuwa ameyapanga maneno, yenye bismillahi mbele na methali katikati. Yote yakaruka. "Sakafu niliiharibu mimi," alisema. "Nilitaka imalizike siku tatu kama nilivyojisifu. Zege lilikuwa na maji, sikupima. Halafu nikafunga madirisha nikawasha sigiri nne. Mama Tabisa alinikataza. Sabuni nilimtuma mimi mwenyewe, na haikuwa na kosa lolote. Siku ile alikuwa anangoja niseme, nikanyamaza."

Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeongea na kifua chake.

"Rudia," afande akasema. "Sauti juu."

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana sasa watu walijua kinachokuja na walikuwa wanamtazama mdomo. Alipofika kwenye "nikanyamaza" sauti ilikatika, akaitafuta, akaimalizia. Hakuna aliyepiga makofi. Kitabasamu cha Blasio kilikuwa kimeondoka, na mwenyewe alikuwa anatazama gambuti zake.

Afande hakumtukana. Hilo nalo lilikuwa zito, maana Hajji alikuwa ameutayarisha mgongo kwa matusi. Afande alitoa simu, akaiweka sauti ya nje, akaiinua juu mstari mzima usikie.

"Tabisa. Ni Kebirungi."

"Nasikia, afande."

"Hajji amesema."

"Na mudomo yake mwenyewe?"

"Na mdomo wake. Mara mbili."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

Kwenye simu wakasikika kuku wake. Halafu: "Blasio iko?"

"Niko, mama," Blasio akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia... nimesikia si wewe, mama. Ni yeye. Wewe ulimkataza."

"Useme vile kanisani."

"Nitasema, mama Tabisa."

Afande akakohoa. "Tabisa, na mimi nilikosa. Aproni yako iko hapa. Kesho saa moja uje kazini."

"Asante, afande. Siji."

"Tabisa..."

"Miaka kumi na miwili, sijavunja hata kikombe bila kukuambia mimi mwenyewe. Siku ile uliniona nimenyamaza. Wewe unanijua, ulipaswa kushangaa. Haukushangaa." Halafu akasema, kwa adabu kabisa, "Mubaki salama," na simu ikakatwa.

Hajji alikuwa amejiahidi usiku kucha kwamba akishasema tu, Tabisa atarudi jikoni na yeye atakula chakula chake kwa amani. Sasa alisimama pale, ameshasema, na jikoni hapana mtu. Alijiona mdogo, na mchafu vilevile.

Afande alisema, "Tawanyikeni," na watu wakaondoka bila kelele. Yeye alibaki katikati ya uwanja, simu bado mkononi. Halafu akamwita, na safari hii haikuwa amri.

"Hajji. Nyumba yake iko wapi?"

Hajji hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na akaona aibu kwa niaba ya afande, juu ya ile yake. Miaka kumi na miwili mama yule amempikia, na afande hajui mlango wake.

"Ng'ambo ya mto, afande. Lakini mimi nimekatazwa kukanyaga pale."

"Nipeleke mpaka unapoweza kufika."

Wakashuka. Darajani Hajji akasimama, akanyoosha kidole kwenye paa la mabati juu ya migomba. Afande akatazama, akavua kofia yake ya jeshi, akavuka. Hajji alibaki upande huu.